Mshipa, Neva na Sinapsi: Istilahi za Mawasiliano ya Seli za Neva

Mfasiri yeyote aliyepata kukabidhiwa maandishi ya afya amekutana na neno mshipa, na bila shaka limemsumbua. Katika lugha ya kila siku mshipa ni njia ya damu, iwe ile itokayo moyoni au ile irudiyo humo. Mshipa ni kano ishikizayo msuli kwenye mfupa. Mshipa, hasa kwa watu wa mwambao, ni maradhi ya ngiri na ya busha. Na mshipa ni pia ule uzi upelekao habari baina ya ubongo na viungo vya mwili. Wazee wetu hawakukosea kuvipa vitu hivi jina moja. Kwa mtu achunaye mbuzi, vingi katika hivyo ni kamba zipitazo katika nyama, na jina moja lilimtosha kwa kazi yake. Tatizo huanza pale jina hilo linapotakiwa kubeba onyo ambalo uhai wa mtu unalitegemea.

Jambo hili nililiona waziwazi nilipoombwa kuipitia rasimu ya kijikaratasi cha wakulima kuhusu sumu za kuulia wadudu. Maandishi ya asili ya Kiingereza yalieleza kwa sentensi ndefu namna sumu ile inavyovuruga mawasiliano baina ya neva na misuli. Mfasiri, kwa nia njema ya kurahisisha, alikuwa ameandika: "Dawa hii huharibu mishipa." Tulipowasomea wakulima wachache ili tupime kama imeeleweka, mzee mmoja akauliza: "Mwanangu, mimi mshipa nilishapasuliwa zamani. Basi mimi naweza kunyunyiza bila hofu?" Hakuna aliyecheka. Wenziwe walidhani kinachosemwa ni shinikizo la damu. Hata mmoja hakufahamu kwamba hatari yenyewe ni kushindwa kuvuta pumzi, tena pengine siku hiyo hiyo.

Nia ya makala haya ni kueleza kwanza namna seli za neva zinavyopashana habari, kisha kuyapima maneno tuliyo nayo kwa kipimo cha maelezo hayo. Naamini utaratibu huo ndio sahihi. Aghalabu sisi wafasiri hukimbilia jina kabla hatujakijua kitu.

Wengi hujiokoa na utata wa mshipa kwa kuongeza neno moja na kusema mshipa wa fahamu. Katika mazungumzo baina ya mganga na mgonjwa sioni ubaya wake. Lakini katika kitabu cha shule neno hilo lina kasoro, maana fahamu ni kujitambua. Mtu aliyezirai tunasema amepoteza fahamu, ilhali neva ziendazo moyoni mwake zinaendelea na kazi, nazo hazikuwahi kumwomba ruhusa hata alipokuwa macho. Mwanafunzi akiambiwa kwamba moyo hupunguzwa kasi na "mshipa wa fahamu", ana haki ya kuuliza fahamu imeingiaje hapo. Kwa sababu hiyo naliunga mkono neno neva, ijapokuwa ni la kukopa. Limekwisha kuzoeleka, halichanganyiki na damu wala ngiri, na linakubali kunyumbuliwa: seli ya neva, ugonjwa wa neva, sumu ya neva.

Hata hivyo neva si seli ya neva. Neva ni kama kamba ya katani iliyosokotwa kwa nyuzi nyingi. Kila uzi ni mkono mrefu wa seli moja, nao huitwa aksoni. Mwili wa seli hiyo wenyewe uko mbali, ndani ya ubongo au ndani ya uti wa mgongo au kando yake, wala hauonekani kwa macho matupu. Lakini aksoni yake inaweza kutoka kiunoni ikafika kwenye kidole cha mguu, urefu wa kiasi cha meta moja. Upande mwingine seli hiyo ina vitawi vifupi vingi vya kupokelea habari. Ubongo wa mtu mzima unakadiriwa kuwa na seli za namna hii zipatazo bilioni 86. Wako wapendao kuziita neuroni. Mimi nasita kidogo, kwa sababu mwanafunzi huyo huyo, pengine asubuhi hiyo hiyo, amefundishwa nyutroni katika somo la fizikia, na masikioni mwake maneno hayo mawili ni ndugu. Seli ya neva ni ndefu zaidi, lakini inajieleza.

Sasa tuje kwenye ugomvi mkubwa wa elimu hii, maana ndani yake mna funzo linalotuhusu. Mwaka 1873 Mwitalia Camillo Golgi aligundua njia ya kuzitia rangi seli chache tu miongoni mwa nyingi, kwa kutumia chumvi ya fedha, hata zikaonekana nyeusi na kamili chini ya hadubini. Alivyoona yeye, nyuzi zote zilishikana zikawa wavu mmoja usio na mwanzo wala mwisho. Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliichukua njia hiyo hiyo, akaitengeneza zaidi kuanzia mwaka 1887, naye akaona kinyume chake: kila seli ni kitu kimoja kinachojitegemea, na mwisho wa uzi wake husogelea seli nyingine bila kuungana nayo. Mwaka 1906 wote wawili walipewa kwa pamoja Tuzo ya Nobel, na Golgi akaitumia hotuba yake ya kuipokea kuyapinga mafundisho ya mwenziwe. Cajal ndiye aliyekuwa na haki. Ushahidi wa macho ulipatikana katika miaka ya 1950, hadubini za elektroni zilipoionyesha nafasi iliyoko baina ya seli na seli. Basi mfasiri aandikapo kwamba seli za neva "zimeunganishwa" kama nyaya, anairudia hoja ya Golgi bila kujua. Kusema "zinapakana" au "zinawasiliana" hakugharimu kitu.

Kosa la pili lililo karibu na hilo ni kusema kwamba ndani ya neva mnapita mkondo wa umeme. Chanzo chake si vigumu kukijua. Mwaka 1791 Luigi Galvani wa Bologna alichapisha habari za miguu ya chura aliyekufa iliyorusha mateke ilipoguswa kwa metali, na tangu hapo neva na umeme havikuachana. Umeme kweli umo, lakini si ule wa waya. Mwaka 1850 Mjerumani Hermann von Helmholtz alipima mwendo wa ishara katika neva ya chura, akapata kiasi cha meta 30 tu kwa sekunde. Katika waya wa simu, ishara huvuka nchi nzima kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Katika mwili wa binadamu, aksoni nene zilizovikwa ala ya mafuta hufikia kiasi cha meta 120 kwa sekunde, na zile nyembamba zisizo na ala hujikokota kwa meta moja hivi. Ndiyo maana mtu akijikwaa kidole husikia mgongano kwanza, na yale maumivu mazito ya kuvuta yakaja nyuma yake.

Kinachotokea ni hiki. Aksoni imezungukwa na utando mwembamba. Ndani yake mna ioni nyingi za potasiamu, nje mna nyingi za sodiamu, na katika utando mna pampu ambayo haichoki kuitoa sodiamu na kuirudisha potasiamu. Wakati wa mapumziko upande wa ndani huwa hasi ukilinganishwa na wa nje, kwa kiasi cha milivolti 70. Utando una vilango vinavyosikiliza hali hiyo. Tofauti ikipungua hadi kufikia milivolti 55 hivi, vilango vya sodiamu hufunguka ghafla, ioni zenye chaji chanya zikamiminika ndani, na mahali hapo pakageuka kuwa chanya. Kabla hata elfu moja ya sekunde haijaisha, vilango hivyo vimejifunga, potasiamu imetoka, na hali ya kwanza imerudi. Lakini mgeuko ule umekwisha kuviamsha vilango vya jirani, navyo vikaamsha vya mbele yake, hivyo hivyo mpaka mwisho wa uzi.

Mfano ninaoupenda ni wa moto unaofuata mstari wa majani makavu kando ya shamba. Hakuna jani lisafirilo kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Kila jani huwaka mahali pake na kuliwasha la pili. Moto haupungui nguvu kwa kwenda mbali. Wala haurudi nyuma, kwa kuwa nyuma pamekwisha kuungua. Tofauti ni kwamba majani ya neva huota upya mara moja. Na kama ilivyo kwa moto, ama umewaka ama haukuwaka: hakuna msukumo mdogo na msukumo mkubwa katika uzi ule ule. Mguso mkali hutofautiana na mguso laini kwa wingi wa misukumo katika sekunde moja na kwa idadi ya nyuzi zilizoamshwa. Hapa pana mtego kwa mfasiri. Mwandishi wa Kiingereza akisema ishara imekuwa kali zaidi, mara nyingi maana yake ni kwamba imekuwa ya mara kwa mara zaidi.

Maelezo haya ya ioni tumeyapata kwa msaada wa ngisi. Ngisi wa bahari ya Atlantiki ana aksoni nene ajabu, inayokaribia milimeta moja, ambayo humwezesha kuubana mwili wake ghafla, kurusha maji na kutoroka. Waingereza Alan Hodgkin na Andrew Huxley walifaulu mwaka 1939 kupenyeza kipimio ndani ya aksoni hiyo, na mwaka 1952, baada ya vita kuwakatiza, wakachapisha hesabu zilizoeleza mwendo mzima wa msukumo.

Nimekwisha kulitumia neno msukumo. Napendekeza msukumo wa neva badala ya mkondo, na badala ya mshtuko, ambao kwetu ni fadhaa au pigo la umeme. Nakubali kwamba msukumo nao humfanya mtu afikirie kitu kinachosukumwa. Lakini mwalimu mwenye mfano wa majani makavu ataliondoa wazo hilo kwa dakika mbili. Na lugha yetu ina neno ganzi, ambalo wafasiri hulitumia kwa nadra isiyo na sababu. Sindano ya ganzi apigwayo mtu kabla ya kung'olewa jino huziba vilango vya sodiamu. Uzi uko salama, habari imefungiwa njia.

Msukumo ukifika mwisho wa uzi, hukuta nafasi. Jina la mahali hapo lilizaliwa mwaka 1897, nalo lina kisa kinachostahili kusimuliwa katika jarida la istilahi. Mwingereza Charles Sherrington alikuwa akiandika sehemu ya kitabu cha fiziolojia cha Michael Foster, akahitaji neno. Kwanza alifikiria neno jingine la Kigiriki lenye maana ya kifungo. Foster akamwuliza rafiki yake wa Cambridge, Arthur Verrall, mtaalamu wa tamthilia za Kigiriki, naye akashauri neno lililotuletea sinapsi, kwa sababu, pamoja na mengine, lilinyumbulika vizuri zaidi. Asili yake ni kushika pamoja, kama mikono inavyoshikana. Kwa hiyo jina la nafasi ambayo seli mbili hazigusani lina maana ya kushikana! Mwingereza wa kawaida haimsumbui, kwa kuwa haisikii Kigiriki ndani ya neno hilo. Sisi tungeita "kiungo" au "kiunganishi", kila msomaji angesikia muungano, na Golgi angerudi kwa mlango wa nyuma.

Nafasi yenyewe ni kiasi cha nanometa 20, yaani kama milimeta moja ingekatwa vipande 50,000, upana wake ni kipande kimoja. Msukumo huvukaje? Kwa miaka mingi kundi moja la wataalamu lilishikilia kwamba ni cheche ya umeme inayoruka, na jingine kwamba ni kemikali. Mwaka 1921 Otto Loewi, aliyekuwa Graz katika Austria, alichapisha jaribio ambalo, kwa masimulizi yake mwenyewe, alioteshwa usingizini. Usiku wa kwanza aliamka akaandika, na asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake. Usiku wa pili ndoto ikarudi, naye akaenda moja kwa moja maabarani. Alichukua mioyo miwili ya vyura ikiwa bado inapiga. Akaiamsha neva ya ule wa kwanza ipunguzayo mapigo, kisha akakusanya maji ya chumvi yaliyouzunguka, akayamimina kwenye moyo wa pili usioguswa neva yoyote. Nao ukapunguza mapigo. Kilichovuka kilikuwa ndani ya maji. Baadaye kikajulikana kuwa ni asetilikolini. Hata hivyo kundi la cheche halikusalimu amri upesi. John Eccles wa Australia aliitetea cheche hadi mwaka 1951, vipimo vyake mwenyewe vilipomwonyesha kwamba katika uti wa mgongo nako ni kemikali. Alikiri hadharani, na mwaka 1963 akapokea Tuzo ya Nobel pamoja na Hodgkin na Huxley.

Utaratibu wake ni kama ufuatao. Msukumo ukifika kwenye ncha ya aksoni hufungua vilango vya kalsiamu. Kalsiamu ikiingia, vifuko vidogo vilivyojaa kemikali hushikamana na utando na kuimwaga nje. Kemikali huenea katika ile nafasi, hufika ng'ambo na kutua katika vipokezi vya seli ya pili, kisha vipokezi hivyo hufungua vilango vya ioni. Yote haya huchukua muda mfupi kuliko elfu moja ya sekunde, lakini ni kawio linalopimika. Seli moja inaweza kupokea habari kwa sinapsi maelfu, nyingine zikiihimiza iwake na nyingine zikiizuia, nayo hujumlisha zote pamoja.

Darasani jambo hili hulieleza kwa neno kivuko. Mzigo umeletwa kwa lori hadi ukingoni; lori haliwezi kuendelea; mzigo hushushwa, hupakiwa mtumbwini, na ng'ambo hupakiwa katika lori jingine. Ujumbe ni ule ule, chombo kimebadilika, na hapo ndipo palipo rahisi kuuzuia au kuuharibu. Na kemikali ivukayo huiita tarishi. Watumishi wa serikali walioziona ofisi za zamani wataelewa mara moja: tarishi alifika mlangoni, akakabidhi barua, akarudi zake, hakuingia kukaa kitini kwa mkubwa. Vivyo hivyo asetilikolini haiingii katika seli ya pili. Hugusa kipokezi kisha huondolewa. Anayeiondoa ni kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi, kiivunjacho vipande viwili papo hapo. (Kimeng'enya, kwa maoni yangu, ni mojawapo ya istilahi zilizoundwa vizuri zaidi katika sayansi yetu, hata nje ya tumbo bado inasema kweli.)

Hapo ndipo sumu za jamii ya organofosfati zipigapo. Hukifunga kile kimeng'enya. Tarishi haondoki; hubisha hodi mfululizo, na kila kipokezi huitika. Mtu hutokwa jasho na mate mengi, mboni za macho husinyaa, misuli hutetemeka kisha hulegea, mapafu hujaa maji maji, na pumzi hushindikana. Sumu za baadhi ya fira hufanya kinyume chake: hukalia vipokezi vya msuli, tarishi akikuta kiti kimekwisha kushikwa, na msuli hupooza bila kutetemeka. Katika sumu ya koboko mna vitu viziba vilango vya potasiamu, hata ncha ya aksoni ikamwaga tarishi kupita kiasi. Na sumu ya pepopunda huzuia kumwagwa kwa wale matarishi wa kutuliza ndani ya uti wa mgongo, misuli ikakakamaa kwa kukosa wa kuiambia basi. Maradhi manne, na kwa lugha ya mshipa yote yangekuwa sentensi moja.

Je, basi kivuko ndicho kiwe istilahi? Nilitamani iwe hivyo, lakini ukweli unanizuia. Kwanza, kivuko cha kweli huenda na kurudi, ilhali sinapsi ya kemikali hupitisha msukumo upande mmoja. Hilo lingevumilika. La pili ni zito zaidi. Tangu miaka ya 1950 imejulikana kwamba ziko pia sinapsi za umeme, ambamo seli mbili husogeleana zaidi na kufunguliana vijia, ioni zikapita moja kwa moja bila tarishi yeyote, na katika nyingi mwendo ni wa pande zote mbili. Hapo hapana mtumbwi, pana daraja. Jina litakalofunika yote mawili halina budi kuwa jina lisilosema kitu, na sinapsi ina sifa hiyo hasa. Naona basi sinapsi ibaki katika vitabu, mitihani na hati rasmi, na kivuko kiwe neno la mwalimu na la mwandishi wa vijikaratasi, penye kemikali tu. Tarishi naona lingeweza kupanda cheo likawa istilahi kamili, kemikali tarishi, ingawa wako watakaoona halina heshima ya kutosha kwa sayansi. Kwa dhana mbili za kuhimiza na kuzuia sijapata vivumishi vinavyoniridhisha. Sinapsi himizi na sinapsi zuizi ndiyo niliyokaribia, na ningefurahi kusoma maoni ya walimu waliojaribu mengine.

Kile kijikaratasi tulikiandika upya. Neno mshipa halimo, wala sinapsi haimo. Kinasema: "Sumu hii hupita katika ngozi na katika pumzi. Huvuruga amri zinazotoka katika ubongo kwenda kwenye misuli, pamoja na misuli ya kuvutia pumzi. Mtu aliyenyunyiza akianza kutokwa jasho na mate mengi, kuona ukungu, au kutetemeka mwili, mvue nguo, mwoshe kwa maji na sabuni, mpelekeni hospitali mara moja pamoja na kopo la dawa." Tulipomsomea yule mzee, aliuliza kama kukaa upande upepo unakotoka kungesaidia. Tukaongeza sentensi hiyo pia.